Maria Callas alifundishwa wapi kuimba? Binti yangu kaambiwa ni alto na mi roho haijatulia

MamaTunu_Segerea:

Habari za jioni wana jukwaa, poleni na foleni na hii mvua. Naombeni mnisaidie jambo limenikaa kichwani wiki ya pili sasa.

Nina binti wa miaka 15, kidato cha pili, anaimba kwaya ya vijana huku kwetu tangu yuko darasa la tano. Ana sauti nzito, nene, akipokea simu watu wanamwamkia shikamoo mama wakidhani ni mimi. Mwalimu wa kwaya toka siku ya kwanza alimweka sauti ya pili, kwamba sauti nzito basi ni alto, imeisha hiyo. Sasa kabla ya Pasaka walikuwa kwenye mazoezi, yule dada anayebeba soprano hakuja, na mi nilikuwa nje kwenye benchi namsubiri mtoto nirudi naye, nina mfuko wa nyanya miguuni, nikasikia mtu anaimba ile sehemu ya juu. Sauti inapanda, inapanda, na haipigi kelele jamani, inajaa tu, mpaka mama anayetuuzia chai pale nje akabaki na chujio mkononi chai inamwagikia chini. Nikainuka kuchungulia dirishani, ni Tunu. Mwalimu akamsimamisha, akamwambia wewe ni alto shuka kwenye sauti yako utawachanganya wenzako. Mtoto akashuka.

Kijana wa kinanda ndo alinifuata tukiwa tunaondoka akasema mama huyu mtoto msikilizishe Maria Callas, yule mwimbaji wa opera, maigizo yale yanayoimbwa mwanzo mwisho. Nikaenda nyumbani nikanunua bando la usiku, nikaweka simu juu ya ndoo huku nachagua mchele, ukaanza wimbo mmoja wa kwenye opera inaitwa Tosca, nikaacha mchele. Kiitaliano sijui hata neno moja lakini nilijua kabisa yule mwanamke anamuuliza Mungu kitu na hajajibiwa.

Shida yangu, kila nikitafuta habari zake naletewa tajiri wa meli, sijui Onassis, mara mjane wa rais wa Marekani, mara magauni, mara alivopungua mwili. Hakuna anayesema alijifunza wapi! Nasikia alikuwa Mgiriki. Alianza na umri gani, nani alimwambia yeye ni soprano wakati sauti ni nzito vile, na waliifanya nini hiyo sauti mpaka ikapanda? Mwenye kujua naomba aniandikie taratibu, nitamsomea na Tunu.

---

Sauti_ya_Nne:

Shikamoo mama Tunu. Mi naimba besi na nafundisha kwaya huku Kinondoni, mwaka wa kumi na moja huu, na huyo mama Callas nimemsikiliza tangu niko chuo kwahiyo swali lako limenigusa kuliko ulivodhani. Kaa vizuri, itakuwa ndefu.

Ni Mgiriki ila hakuzaliwa Ugiriki. Alizaliwa New York tarehe 2 Desemba 1923, wazazi wake walikuwa wamehamia Marekani miezi michache tu nyuma, mama akiwa na mimba yake. Baba alikuwa mfamasia, ukoo wao Kalogeropoulos, jina refu hilo Wamarekani halikuwakaa mdomoni likakatwa mpaka likawa Callas. Kulikuwa na dada mkubwa, na kaka yao alikuwa amefariki akiwa mdogo kabla Maria hajazaliwa, mama alikuwa amejiwekea moyoni kwamba Mungu atamrudishia wa kiume. Akaja huyu. Kisha mama huyohuyo alipogundua mtoto ana sauti akamshika akamsukuma aimbe tangu mdogo kabisa, na Maria mpaka anakuwa mtu mzima alikuwa anasema utoto alinyimwa. Nakuambia hili kwa sababu we ni mama na unasoma, usije ukaliruka.

1937 ndoa ya wazazi ilishachoka, mama akawabeba mabinti akarudi nao Athens. Maria ana miaka 13. Sasa sikiliza hapa mama Tunu, hapa ndo pako. Walimpeleka kwenye chuo kikubwa cha muziki cha Athens, WAKAMKATAA. Sauti haijafundishwa haikuwashtua, na solfa, zile do re mi za kusoma muziki, hajui, mkuu wa chuo akasema bila solfa hapokelewi. Maria Callas alikataliwa kwa solfa! Kila mwaka nawaambia hili vijana wangu wanaokimbia kipindi cha nota wakitaka waje kuimba tu.

Ndo mama yake akampeleka chuo cha pili, kinaitwa cha Taifa, kwa mwalimu mama mmoja Maria Trivella. Huyu Trivella alikuja kusimulia kwamba aliletewa mtoto mnene, kavaa miwani mikubwa, haoni mbali, lakini alipofungua mdomo mwalimu hakuweza kumwacha aende, akasema nitamfundisha na ada sitaki. Aliambiwa huyu mtoto ni kontralto, yani ile sauti ya kike ya chini kabisa, chini hata ya alto wetu wa kawaida. Wakaanza mazoezi, haikuchukua muda Trivella akasema hapana, huyu si kontralto, huyu ni soprano, tena soprano yule mwenye uzito, wenyewe wanamwita soprano wa drama. Akaanza kumpandisha sauti taratibu na kuipunguzia uzito.

Umeona? Uzito wa sauti ni kitu kimoja na urefu wake ni kingine. Ngoma nene inaweza kulia juu na ngoma nyembamba ikalia chini. Sisi walimu wa kwaya, na mimi nimo, tuna mtindo wa kumpanga mtoto siku anayoingia kwa vile anavoongea, tunahitaji alto Jumapili hii basi tunamkalisha kwa alto, anazeekea hapo.

Trivella alisema yule mtoto alikuwa anasoma masaa matano sita kwa siku, na ndani ya miezi sita akawa anaimba nyimbo za opera ambazo watu wazima wanaziogopa. Tarehe 2 Aprili 1939, miaka 15, umri wa Tunu, akasimama ukumbi wa Olympia pale Athens akaimba Santuzza kwenye Cavalleria rusticana, onyesho la wanafunzi. Opera nzima, sehemu ya mwanamke aliyeachwa na mchumba, kaibeba mtoto wa miaka 15.

Nimeitwa mazoezini, nitarudi kumalizia.

---

Chuma_wa_Ilala:

Mkuu umeandika vizuri ila tusimfiche mama ukweli, huyo Callas sauti iliharibika mapema. Alipunguza mwili ghafla ili awe kama modo, sauti ikaondoka na mafuta. Alafu alikuwa msumbufu, Roma alikatisha opera katikati na rais wa nchi amekaa ukumbini. Mimi kama mzazi ningetafuta mfano mwingine.

---

BiMtoni:

Assalaam alaykum. Mimi Mzanzibari nipo Dar huku Mtoni mwaka wa ishirini, opera siijui, taarabu ndiyo nimezaliwa ndani yake. Lakini nimesoma hayo ya mtoto mnene mwenye miwani aliyekataliwa, nikamkumbuka Siti binti Saad wetu. Naye hakuna aliyemtizama mara mbili, kazaliwa Fumba mwaka 1880, mtoto wa watumwa, jina lenyewe aliitwa Mtumwa, akiuza vyungu vya mama yake anatembea navyo kichwani na kunadi, watu wanajua Mtumwa anakuja kwa sauti kabla hawajamuona. Kaja mjini akakutana na watu wa taarabu wakamfundisha, maana sauti alikuwa nayo ila kuimba na wapigaji ni elimu nyingine. Akafundishwa na Kurani, pale ndipo pumzi inapatikana, kuisoma aya ndefu bila kuikata. Mwaka 1928 akapelekwa Bombay akarikodi sahani za santuri, mwanamke wa pwani hii hakuwahi kabla yake.

Kwa hiyo mama Tunu nakuambia kitu kimoja, usitafute sauti, sauti mtoto anayo, tafuta mwalimu mwenye masikio. Hao wakina Trivella ndio adimu.

---

MamaTunu_Segerea:

Waalaykum salaam Bi Mtoni, ahsante sana dada yangu, hilo la kunadi vyungu nilikuwa silijui, nimemsomea Tunu akanyamaza kabisa alafu akaniomba nirudie.

Sauti ya Nne marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Nimelia kidogo hapo kwenye solfa maana Tunu solfa anaijua, babu yake mzaa baba alimfundisha kwa kidole kwenye meza. Nakusubiri.

Chuma, wala sijakasirika kaka, na mimi nataka kujua hayo pia. Kama sauti inaweza kuharibika nataka kujua inaharibikaje, isije ikawa mi ndo namharibu wangu.

---

MzeeWaMkonge:

Nimezaliwa 1951 Muheza. Baba yangu alikuwa mkata mkonge shamba la Mgiriki, enzi hizo Wagiriki walikuwa na mashamba mengi ya mkonge huko Tanga na kwingineko. Sitaki kusifia yale maisha, baba alikatwa mikono na miiba mpaka anazeeka. Lakini jioni ya Jumapili kwenye nyumba ya bwana shamba ilikuwa inapigwa santuri, na sisi watoto tunakaa chini ya mwembe mbali tunasikia. Kuna sauti za kike zilikuwa zinatoka mle sijawahi kuzisahau hadi leo. Tulidhani kuna mwanamke amefungiwa ndani. Mjukuu wangu juzi kanipigia hii opera kwenye simu yake nikamwambia ndiyo hiyo, aina ile ile. Mama mpeleke mtoto, wala usisite.

---

Sauti_ya_Nne:

Nimerudi. Shikamoo mzee wangu wa Mkonge, shikamoo Bi Mtoni. Nimalizie Athens kwanza alafu nimjibu kaka Chuma.

Vuli ya 1939 kile chuo kilichomkataa sasa kikampokea, kwenye darasa la Elvira de Hidalgo. Huyu alikuwa Mhispania, amezaliwa 1891, alianza kuimba opera Napoli mwaka 1908 akiwa binti mdogo kabisa na 1910 akawa ameshafika jukwaa la Metropolitan New York. Soprano mwepesi, yule wa noti za haraka haraka kama kasuku wa msituni. Maisha yakamfikisha Athens akawa mwalimu. Fikiria mwalimu mwenye sauti nyepesi kama unyoya anapewa mwanafunzi mwenye sauti kama mawe! Alisema alipomsikia mara ya kwanza ilikuwa ni mafuriko ya sauti, haina breki lakini imejaa maigizo na hisia.

Walimu wengi wakipata sauti kubwa wanaifurahia wanaiacha ipige kelele. De Hidalgo alifanya kinyume, alimpa Callas nyimbo za sauti nyepesi. Ngazi za noti kupanda na kushuka, kutetemesha noti, kuimba pole na pumzi ndefu, ile shule ya zamani ya Waitaliano inaitwa bel canto. Callas alikuja kuifananisha na nguo ya kumbana mtu mwili mzima, kwamba lazima uivae utake usitake. Ndo jibu la swali lako mama Tunu, waliifanya nini sauti ikapanda. Hawakuisukuma, waliikataza kusukuma. Sauti nzito ikizoea kwenda kwa wepesi, siku ukiiambia iwe nzito inakuwa nzito kwa hiari yake, na siku ukiiambia ipande inapanda maana haijabeba mzigo.

Na kuna jambo moja la huyu binti ambalo mimi nimelifanya sheria kwenye kwaya yangu. Alikuwa anafika chuoni saa nne asubuhi anaondoka na mwanafunzi wa mwisho jioni. Zamu yake ya kufundishwa ilikuwa fupi kama ya wengine, saa zilizobaki amekaa tu kwenye kiti darasani anasikiliza wenzake wakifundishwa, tena sauti zote, besi, tenor, hata wale wasiojua. Wakamuuliza we una kipaji unakaa kuwasikiliza hawa wa nini, akasema hata yule mwenye kipaji kidogo kuliko wote anaweza kukuonyesha kitu ambacho we mwenye kipaji umeshindwa.

Halafu hayo yote yanatokea vitani. Italia ilimshambulia Mgiriki Oktoba 1940. Februari 1941 de Hidalgo anamtafutia kazi kwenye opera ya taifa, sehemu ndogo kwenye operetta, opera nyepesi ya kuchekesha, inaitwa Boccaccio, mshahara ukawasaidia kuishi. Aprili 1941 Wajerumani wanaingia Athens. Baridi ya 1941 kuingia 1942 watu walikufa njaa barabarani, hiyo ni historia inajulikana, maelfu kwa maelfu. Na katikati ya njaa hiyo binti anaenda darasani. Agosti 1942 anaimba Tosca nzima, ukumbi wa wazi, hajafika hata miaka 19. Mama Tunu ule wimbo uliokufanya uache mchele, wa yule anayemuuliza Mungu mbona unanilipa hivi, umetoka kwenye Tosca hiyo hiyo. Mi huwa nawaza aliuimba vipi mbele ya watu ambao hawajala.

1944 aliimba opera ya Fidelio kwenye ule uwanja wa mawe wa Warumi chini ya Akropoli, Wajerumani wakiwa bado mjini, Oktoba ndo wakaondoka. Alipotoka Ugiriki mwaka 1945, miaka 21, alikuwa ameshaimba maonyesho 56 ya opera saba na matamasha kama ishirini. Hao wanaosema aligunduliwa Italia wanaanzia hadithi kwenye sura ya pili. Yeye mwenyewe alisema alipofika kwenye kazi kubwa hakukuta kitu cha kumshtua, kwa sababu Athens ilishamfundisha.

Ya mbele naenda haraka. Marekani miaka miwili mambo hayakukaa, kampuni ya opera ya Chicago iliyomchukua ikafilisika kabla hata pazia halijafunguliwa. Tarehe 2 Agosti 1947 akaimba opera ya La Gioconda kwenye uwanja wa Verona, Italia, mwongozaji ni Tullio Serafin, huyo mzee ndo akawa mwalimu wake wa pili wa maisha. Januari 1949 Venice, anaimba Brünnhilde kwenye opera ya Wagner, yule mtunzi Mjerumani, sehemu ya kupambana na okestra nzito kama lori, na soprano mwepesi aliyekuwa aimbe opera nyingine, I puritani, akaumwa. Serafin akamwambia Callas utaimba wewe, una siku sita. Akasema siijui. Akaijua. Juma moja anaimba sehemu ya mtu mzito kuliko wote, linalofuata anaimba ya mtu mwepesi kuliko wote, Italia nzima ikageuka kumtazama. Tarehe 7 Desemba 1951 akafungua msimu wa La Scala, ule ukumbi mkubwa wa opera wa Milan.

Ile ya Venice inatoka moja kwa moja kwenye kile kiti cha darasani Athens. Angekuwa amefundishwa kuimba nzito tu, siku sita zisingemsaidia kitu.

Sasa kaka Chuma. Ni kweli alipunguza mwili, 1953 na 1954, karibu kilo 36, na ni kweli miaka ya mwisho ya hamsini sauti ilianza kutikisika juu. Lakini kuunganisha hayo mawili na kusema imeisha si haki, wataalamu wanabishana mpaka leo. Wengine wanasema ni mwili, wengine wanasema aliimba sehemu nzito mno akiwa mdogo mno, Santuzza 15, Tosca 18, wengine wanasema ni ugonjwa. Yeye mwaka 1977, mwaka aliofariki, alisema sauti hakuipoteza, alichopoteza ni nguvu ya kiwambo, ule msuli wa chini ya kifua unaovuta pumzi, na nguvu ikipungua na ujasiri unapungua. Mi namwamini mwenye mwili wake.

Na Roma, tarehe 2 Januari 1958, opera ya Norma, Rais Gronchi wa Italia amekaa. Callas alikuwa anaumwa koo na aliwaambia wenye ukumbi mapema watafute wa akiba, hawakumtafuta. Akaimba sehemu ya kwanza sauti ikakataa, akatoka. Magazeti yakamla. Kila mwimbaji anayesoma hapa anajua maana ya kusimama mbele ya watu na koo limefunga. Kuna Krismasi moja mi nilisimamishwa solo na homa, niliimba, na miezi minne baada ya hapo sikuwa na noti za chini. Ningetoka.

---

Chuma_wa_Ilala:

Mkuu nimekuelewa na nafuta kauli yangu ya usumbufu, hilo la kuwaambia mapema sikulijua. La kuanza mapema ndo linanitia hofu sasa, maana mama Tunu ana mtoto wa umri huohuo. Je si hatari kumpandisha akiwa 15?

---

Sauti_ya_Nne:

Swali zuri sana hilo kaka. Jibu langu: kumpandisha kwenye noti siyo hatari, kumbebesha ndo hatari. Tunu akiimba soprano ya kwaya kwa wepesi, nusu ya sauti yake, hakuna kitakachoharibika. Akisimamishwa mbele ya kanisa la watu elfu bila maiki na kuambiwa toa sauti yote, kwa sababu watu wamependa, na wiki ijayo tena, na harusi tena, hapo ndo wanamla.

Mama Tunu mfanyie hivi. Ongea na mwalimu wake faragha, si mbele ya wanakwaya, kwa heshima kabisa, muombe amjaribu kwenye kinanda noti moja moja kupanda mpaka mtoto aseme hapa nakaza. Asijaribiwe kwa wimbo, wimbo unadanganya. Asikilize ni wapi sauti inakaa bila mtoto kuinua kidevu. Kidevu kikipanda na mishipa ya shingo ikatokea, basi pale siyo pake bado. Akiona juu kuna nafasi amruhusu aimbe soprano nyimbo mbili alto nyimbo mbili, hakuna dhambi. Na asipoona, mlete Kinondoni nimsikie, bure, kama Trivella. Akimaliza shule kuna idara ya sanaa pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna chuo cha sanaa Bagamoyo, na Bi Mtoni atakwambia kule Unguja kuna chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, mlango upo.

Na miwani kama anavaa asiivue akiwa kwenye mazoezi kwa kuona aibu. Callas jukwaani hakuwa anaiona fimbo ya mwongozaji, macho yalikuwa mabaya mno, kwahiyo opera nzima aliiweka kichwani, sehemu yake na za wenzake na okestra, anaingia kwa sikio. Ile kukaa masaa kumi kusikiliza wengine ilikuwa na kazi.

---

BiMtoni:

Kweli hicho chuo kipo. Na huyo Mgiriki mwisho wake ukoje? Maana Siti wetu alikufa 1950 na mpaka leo anaimbwa.

---

Sauti_ya_Nne:

Mwisho wake Bi Mtoni ulikuwa wa upweke. Alimwacha mume kwa ajili ya huyo mwenye meli, mwenye meli akaoa mwingine 1968. Opera yake ya mwisho ni Tosca, London, Julai 1965, aliyoianza Athens wakati wa njaa. Baadaye alifundisha kidogo New York kwenye shule ya Juilliard, 1971 na 1972, rekodi za yale madarasa zipo mtandaoni, mama Tunu mtafutie Tunu hizo badala ya zile za magauni, utamsikia anamkatisha mwanafunzi kwenye neno moja mara kumi kwa upole. Alifariki Paris tarehe 16 Septemba 1977, miaka 53, moyo. Majivu yake yalimwagwa bahari ya Aegean, 1979. De Hidalgo mwalimu wake alikuwa bado yuko hai, alifariki 1980.

---

MamaTunu_Segerea:

Jamani nimerudi na taarifa, samahani nimechelewa, tulikuwa na msiba Tabata.

Nilimfuata mwalimu wa kwaya Jumatano kama ulivyonielekeza mwanangu Sauti ya Nne, nikamkuta peke yake anafuta vumbi kinanda. Nikaongea naye vizuri. Mwanzo aliona kama namfundisha kazi, kisha akasema mlete. Akampiga noti moja moja, mi nimekaa nyuma namwangalia kidevu tu. Tunu akapanda kidevu kimetulia, akapanda tena, mwalimu akaacha kumwangalia mtoto akawa anaangalia vidole vyake mwenyewe kwenye kinanda kama anahakikisha amebonyeza sawa. Akamaliza hakusema soprano wala alto. Akasema Jumamosi aje saa tatu.

Mazoezi ya vijana Jumamosi yanaanza saa nane. Nikamuuliza saa tatu kuna nini mwalimu. Akasema saa tatu ni besi, saa tano ni tenor, mwambie aje akae.

Leo ndo Jumamosi yenyewe. Nimempelekea chakula saa saba, nimemkuta kwenye kiti cha pembeni karibu na dirisha, ana daftari mapajani, wababa wanaimba yeye anaandika solfa zao. Hata hakuniona.